Habari Zinavyosafiri Mwilini, na Kwa Nini Muhogo Hautaki Haraka

Wazazi wapendwa, litazameni jambo hili ambalo kila mmoja wenu amelishuhudia nyumbani mwake. Mtoto wa miaka minne anacheza karibu na mafiga. Mama amekwisha epua chungu na kukiweka chini, naye ameinama kutafuta mwiko. Mara mtoto ananyosha mkono na kugusa ukingo wa chungu. Kabla hajalia, kabla hajajua ya kuwa ameungua, mkono wake umekwisha rudi nyuma. Ndipo machozi yanapofuata.

Ni nani aliyeuamuru mkono urudi? Mtoto hakupata nafasi ya kufikiri, wala mama hakuwahi kusema neno. Tena, kwa nini mkono ulitangulia, na uchungu wenyewe ukaja nyuma? Juma hili tutajibu maswali hayo mawili. Na mwishoni mtaona ya kuwa majibu yake yanaugusa unga tunaoupika kila siku, na miguu ya watoto wetu.

NYUZI ZA MWILINI

Mwilini mwetu mna mishipa ya namna mbili, na watu wengi huichanganya. Mishipa ya damu ni mirija: ina uwazi ndani, na damu hupita humo. Mishipa ya fahamu, ambayo huitwa pia neva, si mirija. Ni mafungu ya nyuzi nyembamba mno, kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi za katani. Kila uzi ni sehemu ya chembe moja hai, na chembe hiyo wataalamu huiita nyuroni.

Nyuroni ina kiwiliwili chake, ambamo uhai wake hutunzwa. Ina matawi mengi mafupi, ambayo kwayo hupokea habari kutoka kwa jirani zake. Tena ina mkia mmoja, uitwao aksoni, ambao hupeleka habari mbele. Kiwiliwili ni kidogo hata hakionekani kwa macho matupu, lakini mkia waweza kuwa mrefu ajabu. Uzi utokao chini ya uti wa mgongo wa mtu mzima na kufika kwenye vidole vya mguu una urefu wa karibu mita moja. Katika ubongo peke yake nyuroni hukadiriwa kuwa bilioni 86.

Zamani wataalamu wengi walidhani ya kuwa nyuzi hizo zote zimeungana kama wavu mmoja wa mvuvi. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alizichora kwa uvumilivu mwingi, jicho lake likiwa kwenye hadubini, akaonyesha ya kuwa kila nyuroni ni chembe ya peke yake. Huikaribia jirani yake sana, lakini haiungani nayo. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Camillo Golgi wa Italia, aliyegundua rangi ya kuzifanya nyuzi hizo zionekane. Nao walisimama pamoja kupokea heshima moja hali Golgi angali anashikilia ya kuwa ni wavu! Muda ulipopita, Cajal ndiye aliyeonekana kuwa na haki.

MBIO ZA HABARI

Basi, habari ipitayo katika uzi huo ni kitu gani? Si damu, si upepo, wala si maji yanayosukumwa. Ni umeme mdogo, nao hautoki katika mtambo bali hutokana na chumvi.

Jasho lenu lina ladha ya chumvi, na damu yenu pia, maana mwili mzima umeloweshwa kwa maji ya chumvi. Nje ya nyuroni mna sodiamu nyingi, ile ile iliyomo katika chumvi ya jikoni. Ndani yake mna potasiamu nyingi. Ukuta wa nyuroni una pampu ndogo zisizopumzika usiku wala mchana: kila mara hutoa chembe tatu za sodiamu na kuingiza chembe mbili za potasiamu. Kwa sababu hiyo pande mbili za ukuta hutofautiana kwa umeme, kadiri ya sehemu 70 za elfu za volti moja. Betri moja ya tochi yenye volti 1.5 huizidi nguvu hiyo mara ishirini na zaidi. Lakini nguvu hiyo ndogo yatosha.

Katika ukuta huo mna pia milango midogo. Uzi unapoamshwa, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa nguvu, na umeme wa mahali hapo hugeuka. Mara milango hiyo hufungwa, potasiamu hutoka, na mambo hurudia utaratibu wake. Yote hayo huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini ghasia ya mahali pale imekwisha igutusha milango ya jirani, nayo ikafunguka. Na jirani wa jirani vile vile, mpaka mwisho wa uzi. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley ndio walioeleza kazi hiyo kwa hesabu kamili mwaka 1952. Walitumia uzi wa ngisi, mnyama wa baharini mwenye aksoni nene kuliko zetu kwa mbali sana.

Kumbukeni neno moja hapa: uzi haujui kunong'ona wala kupiga kelele. Ama habari inakwenda yote, ama haiendi kabisa. Maumivu yakiwa makali, habari haiwi kubwa zaidi, bali hurudiwa mara nyingi zaidi katika sekunde moja. Hivyo ndivyo ubongo unavyojua tofauti ya maji ya vuguvugu na maji yanayochemka.

Na mbio zake je? Mjerumani Johannes Müller, mwalimu mkuu wa elimu ya mwili katika siku zake, alidhani ya kuwa hazitapimika. Lakini mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, alizipima mwaka 1850 katika neva ya chura, akapata mita 27 hivi kwa sekunde. Watu walistaajabu, si kwa sababu ni mbio nyingi, bali kwa sababu walitazamia nyingi zaidi. Fikira na mwendo, vitu tulivyoviona kuwa vya papo hapo, kumbe vina safari!

Lakini nyuzi zote hazikimbii sawa. Zilizo bora zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mielini, yenye mapengo madogo hapa na pale. Habari hairudiwi kila mahali, bali huruka kutoka pengo hadi pengo, kama ujumbe wa lokole unaopigwa kijiji kimoja, ukasikiwa kijiji cha pili na kupigwa upya kwa nguvu ile ile. Nyuzi nene zenye ala hupita mita 100 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na ala hubeba uchungu ule wa kuunguza unaodumu, nazo huenda karibu mita moja tu kwa sekunde, kama mtu anayetembea njiani.

Sasa mtaelewa habari ya mtoto wetu. Habari ya moto ilikimbia kutoka kidoleni hadi kwenye uti wa mgongo. Uti wa mgongo haukungoja shauri la ubongo, ulirudisha amri mara moja kwa misuli ya mkono: "Ondoka!" Habari nyingine iliendelea kupanda kwenda ubongoni, na ule uchungu wa polepole ukafika nyuma ya wote. Ndiyo sababu mkono hutangulia na kilio hufuata.

MTO USIO NA DARAJA

Tumesema ya kuwa nyuroni haziungani. Basi habari hupitaje kutoka moja hadi nyingine? Kati yao mna mwanya mwembamba kuliko unywele mara maelfu, nao huitwa sinapsi. Umeme ukifika hapo huwa kama msafiri aliyefika kwenye mto usio na daraja. Lazima apande mtumbwi.

Jambo hilo lilithibitishwa na Otto Loewi mjini Graz, nchini Austria, mwaka 1921. Alitwaa mioyo miwili ya vyura, akaiweka katika maji ya chumvi, nayo iliendelea kupiga. Akaiamsha kwa umeme neva ya moyo wa kwanza, ile inayopunguza mapigo, na moyo ukaenda polepole. Kisha alichukua maji ya moyo huo akayatia katika moyo wa pili, ambao neva yake haikuguswa hata kidogo. Nao ukaenda polepole! Maana yake, neva ilikuwa imemwaga dawa fulani katika yale maji, na dawa hiyo ndiyo iliyobeba amri. Loewi na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Dawa hiyo inaitwa asetilikolini, na ndiyo hiyo hiyo ambayo neva humwaga juu ya misuli yetu tunapoinua jembe.

Mitumbwi ya namna hii ni ya aina nyingi, lakini amri zinazobebwa ni mbili tu: "Fanya" na "Acha". Nyuroni moja yaweza kupokea amri hizo kutoka kwa maelfu ya jirani zake. Huzijumlisha kama mzee anayesikiliza baraza, ndipo inapoamua kupeleka habari au kunyamaza.

Msiidharau amri ya "Acha". Mtu anapokunja goti, misuli ya nyuma ya paja huvuta, na ile ya mbele lazima ilegee. Kama zote mbili zingevuta pamoja, mguu ungekuwa gogo. Kutembea kwa uzuri ni kazi ya kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, kila hatua.

AMRI YA NGAZI MBILI

Kutoka ubongoni hadi mguuni, amri ya kutembea hupita katika ngazi mbili. Nyuroni ya juu huanzia ubongoni na kushuka ndani ya uti wa mgongo. Hapo huikabidhi habari kwa nyuroni ya chini, ambayo huipeleka mpaka kwenye msuli wenyewe.

Ugonjwa ukiharibu nyuroni ya chini, msuli haupati amri yoyote. Hulegea, hukonda, na mguu huning'inia. Ndivyo inavyofanya polio. Lakini ikiharibika nyuroni ya juu, mambo ni mengine. Nyuroni ya chini ingali hai, na msuli ungali una nguvu. Ila sauti ya ubongo inayowatuliza haisikiki tena. Misuli huvuta yote kwa pamoja, mguu hukakamaa, magoti hugongana, na mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole.

Wasomaji wetu wengine watakuwa wamekwisha mwona mtu wa namna hiyo, huenda hata katika ukoo wao. Ugonjwa huo una jina, nalo limetoka katika nchi yetu.

KONZO

Katika lugha ya Wayaka wa Kwango, konzo maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, na leo wataalamu duniani huuita kwa jina hilo la Kiyaka. Haukubaki Kwango. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, nchini Msumbiji. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, nchini Tanzania. Mwaka 2011 wataalamu waliandika ya kuwa umeonekana pia Kivu ya Kusini, nchi iliyochoshwa na vita.

Huja kwa ghafula. Mtoto amelala mzima, au amerudi kutoka safari ndefu ya miguu, na kesho yake miguu yote miwili ni migumu. Kwa kawaida hana homa, wala hajapoteza hisi za ngozi. Huwapata hasa watoto waliopita miaka mitatu, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Baada ya siku zile za kwanza hauzidi, lakini pia hauondoki. Wengine hutembea bila fimbo, wengine kwa fimbo moja au mbili, na wengine hawatembei tena.

Kwa sababu huja usiku mmoja, na pengine huwapata ndugu wawili wa nyumba moja, watu husema: "Huu ni uchawi." Ndipo huanza kutafutwa mwenye kosa: nyanya, au mke mwenza, au hata mtoto mwenyewe. Wapendwa, ndugu hao wawili hawakurogwa, wala hawakuambukizana. Walikula chungu kimoja.

Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi, iliyofungwa ndani yake kama ulinzi wa mmea. Mwili unaweza kuiondoa sumu hiyo katika mkojo, lakini kazi hiyo inahitaji salfa, inayopatikana hasa katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Mtu akila muhogo usiotengenezwa vema, siku kwa siku, majuma kwa majuma, bila kitoweo cha namna hiyo, sumu hulimbikana. Na zinazoumia ni zile nyuroni za juu, zinazobeba amri za miguu.

Kwa nini basi watu wale muhogo wenye sumu, hali mababu zetu walijua kuutengeneza tangu zamani? Jibu ni haraka. Katika vijiji vya Bandundu, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta magari ya wafanyabiashara. Muhogo ukawa fedha. Uliokuwa ukilowekwa siku tatu au zaidi sasa ulitolewa majini baada ya siku moja au mbili, ili uwahi gari. Na fedha ya muhogo haikurudi nyumbani kama samaki. Mahali pengine njaa, ukame na vita vilifanya yale yale: aliyekimbia kijiji chake hawezi kungoja siku tatu kando ya kijito.

YAFAAYO NYUMBANI

Akina mama, na ninyi akina baba mnaohimiza mzigo uende sokoni, shikeni mambo haya.

Kwanza, muhogo mchungu uloweke siku tatu kamili au zaidi, mpaka ulainike, ndipo uanikwe. Kuuanika tu juani bila kuuloweka hakutoshi. Sombe nayo itwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu.

Pili, kama mna shaka na unga mlionao, iko njia aliyoitunga mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Tieni unga katika beseni, mweke alama pale unapofika. Tieni maji huku mkikoroga. Unga utashuka, kisha ongezeni maji mpaka urudi kwenye ile alama. Utandazeni juu ya mkeka, unene wake usizidi sentimita moja, uache juani saa mbili, au kivulini penye hewa saa tano. Sumu hugeuka kuwa hewa na kutoweka. Kisha pikeni ugali siku ile ile. Akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, katika sehemu za Popokabaka, walifundishwa njia hiyo mwaka 2010. Kwa muda wa miezi 18 waliyofuatwa na wataalamu, hapakutokea mgonjwa mpya hata mmoja.

Tatu, ugali usiliwe peke yake. Walio karibu na ziwa la Kivu wana sambaza. Walio karibu na Tanganyika wana ndakala. Maharagwe na karanga navyo husaidia kwa sehemu yake. Mtoto na mama mwenye mimba wapewe sehemu yao kwanza, si masalio.

Nne, mtoto akikakamaa au akilegea miguu ghafula, apelekwe kwa mganga wa hospitali siku ile ile, maana mguu uliolegea waweza kuwa polio, na polio lazima itangazwe. Mwenye konzo asifichwe ndani. Akili yake na mikono yake vyaweza kazi nyingi: apelekwe shule, afundishwe ushonaji au kazi nyingine, anyoshwe miguu kwa mazoezi, apewe fimbo.

Habari ya mwili hukimbia mita mia moja kwa sekunde moja. Muhogo hutaka siku tatu ndani ya maji. Mbio zile hatukuzitengeneza sisi, wala zikiharibika hatuwezi kuzirudisha. Lakini siku tatu za kungoja ziko mikononi mwetu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walisema wahenga. Gari la sokoni likiondoka leo, lingine litakuja juma lijalo. Miguu ya mtoto ni ile miwili tu.